Kambi ya Bradenton: watu 58, viti 26

Mwaka jana, kwenye mchezo wa kompyuta wa besiboli, nilimpoteza mrushaji kwa kubofya "ndiyo" saa kumi na moja alfajiri, nimetoka kazini, macho mazito. Kompyuta ilinionya, sikusoma. Safari hii naandika kila ninachofanya, nikikosea tena angalau nijue nilikosea wapi.

Mchezo wenyewe ni Out of the Park Baseball, ule wa umeneja. Mtu akichungulia kioo changu anadhani naandaa mishahara ya kiwanda: safu za majina, namba, tarehe, mikataba. Hakuna kitufe cha kupiga mpira. Kazi yako ni ya ofisini tu: nani asajiliwe, nani auzwe, nani apande, nani ashuke. Aliyeuanzisha ni Mjerumani, Markus Heinsohn, toleo la kwanza likatoka 1999. Shemeji yangu akiniuliza mtu wa Tanga na besiboli wapi na wapi, namwambia akamuulize kwanza huyo Mjerumani.

Timu yangu ni Pittsburgh Pirates. Nilianza na wachezaji halisi, nikasogeza msimu baada ya msimu, sasa mchezoni tumefika 2034 na karibu wote wa kweli wameshastaafu. Waliobaki wametungwa na kompyuta, kwa hiyo majina yao nayaacha, nawaita kwa a.k.a. nilizowapa mwenyewe. Kanuni zimebaki zilezile za leo.

Kwa nini Pirates? Kwa sababu naishi Indianapolis. Timu ya hapa, Indianapolis Indians, iko Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya kuingia Pirates, na uwanja wake, Victory Field, uko katikati ya mji. Nilipofika nchi hii sikujua hata timu inaingiza wachezaji wangapi. Mwenzangu wa ghalani akanipa tiketi ya nyasini, ile sehemu ya nyuma ambako watu wanatandika blanketi na watoto wanabiringika. Inningi ya tano hivi kati ya tisa za mechi, mchezaji wetu mmoja akatolewa. Hakuumia, hakukosea. Kwenye kibanda wenzake wakaanza kumkumbatia mmoja mmoja. Nikamuuliza mwenzangu, vipi, amefiwa? Akacheka sana. "Kaka, huyo ameitwa Pittsburgh."

Njiani kurudi nyumbani kitu kimoja kikawa kinanizunguka kichwani. Kama huyu kaitwa, basi huko Pittsburgh kuna mtu usiku uleule anafungasha begi.

Kikao cha 1. Mchezoni: Jumanne, 14 Februari 2034

Warushaji na wadakaji wanaripoti kambini. Ligi kuu ina timu 30: 15 hufanya maandalizi Arizona na 15 Florida. Sisi tuko Florida, Bradenton, ambako Pirates wameweka kambi tangu 1969, kwenye uwanja uliofunguliwa 1923. Msimu uliopita nilishinda mechi 84 nikapoteza 78. Si haba, ila hazikutosha.

Nimehesabu watu: 40 wa kikosi cha 40 na waalikwa 18 wasio na nafasi humo. Jumla 58. Hadi Alhamisi, 30 Machi, siku ya ufunguzi, wabaki 26.

Kwa asiyezoea, hivi vikosi viwili ndivyo vinavyosumbua vichwa. Kikosi cha 40 ni kama daftari la familia: aliyeandikwa humo timu nyingine haiwezi kumgusa. Kikosi cha 26 ni waliokaa mezani leo. Ukitaka kumtoa mtu kwenye 26 umpeleke ligi ndogo lakini abaki kwenye 40, lazima awe na opsheni, yaani ruhusa ya kumshusha bila kumpoteza. Kwa kawaida mchezaji ana miaka mitatu ya opsheni, na mwaka mmoja unahesabika umetumika akikaa chini siku 20 au zaidi. Zikiisha, zimeisha. Ukimshusha asiye na opsheni anapita kwanza weiva, yaani timu nyingine zote zinaulizwa kama zinamtaka, zikianza zilizofanya vibaya zaidi. Akichukuliwa, ndiyo kwaheri, hulipwi mchezaji wala zamu ya kuchagua chipukizi.

Hivyo ndivyo nilivyompoteza Mshale mwaka jana. Mrushaji wa akiba, miaka 26, opsheni zimekwisha. Nilidhani bado ana moja.

Leo basi kabla ya kugusa kitu nimefungua ukurasa wa kila mmoja kati ya wale 40 nikaandika kwa mkono, kwenye daftari la mtoto, opsheni zilizobaki. Imenichukua saa moja na nusu. Wasio nazo ni 14. Kati ya hao, 11 ni wachezaji wa kila siku, hakuna anayefikiria kuwashusha. Watatu waliobaki ndio wa kuwaangalia:

Dalali, miaka 29, anacheza popote uwanja wa ndani, hapigi sana, ila hakosei. Nimempa jina hilo kwa sababu kila timu aliyopita ameondoka kwa kubadilishwa na mtu.

Swala, uwanja wa nje, miaka 27, kasi 75 kwa kipimo cha 20 hadi 80. Kupiga, tusiongee.

Kobe, mdakaji wa pili. Kiti chake kipo, simjadili.

Kikao cha 2. 15 hadi 24 Februari

Jambo moja limekwenda vizuri bila jasho. Bomba, mrushaji wangu wa kuanza namba mbili, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Agosti. Ni ule ambao Dk. Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John 1974, na hadi leo unaitwa kwa jina la mgonjwa badala ya daktari. Bomba hatarushi mpira kabla ya Agosti nyingine. Wakati wa baridi huwezi kumwingiza kwenye orodha ya majeruhi ya siku 60. Kambi ikifunguliwa unaweza. Na aliye kwenye orodha hiyo hahesabiwi kwenye 40. Nimembofya, namba ikashuka kutoka 40 hadi 39. Nafasi moja wazi. Nimeiacha kwanza.

Sheria zangu za nyumbani, niziandike ili nisijidanganye baadaye. Sirudishi sevu ya nyuma hata nikiharibu. Sifanyi biashara ya wachezaji kambini, maana kompyuta kipindi hiki unaweza kuipunja kirahisi mno na utamu unaisha. Na mkongwe niliyemwalika nikiona simtumii, namwachia mapema akatafute riziki kwingine.

Hiyo ya tatu nimeiiga kwa kanuni ya kweli. Mkongwe mwenye miaka sita au zaidi ligi kuu, aliyemaliza msimu uliopita juu kisha akasaini mkataba wa ligi ndogo, timu isipompa nafasi, siku tano kabla ya ufunguzi ana haki ya kuondoka akatafute timu nyingine. Naona ni kanuni ya kiungwana. Mtu wa miaka 37 asipotezewe muda.

Na mimi ninaye wa miaka 37. Babu. Mkono wa kushoto, mpira wake hauzidi maili 88, lakini anaupeleka anapotaka kama anatumbukiza barua sandukuni.

Kikao cha 3. 25 Februari hadi 8 Machi

Mechi za kujipima zimeanza. Mke wangu kapita nyuma yangu na kikombe cha chai, kasimama kidogo.

"Baba, hawa bado hawajaanza kucheza?"

"Wanacheza, ila hazihesabiwi."

"Sasa mechi haihesabiwi unakesha ya nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Jibu lenyewe ni kwamba hizi zisizohesabiwa ndizo zinazoamua nani atacheza zinazohesabiwa. Ingawa, tuseme ukweli, takwimu za kambini ni za kuangalia kwa jicho moja. Kwenye kambi ya kweli mrushaji anaweza kurusha mrusho mmoja inningi nzima kwa kuujaribu tu, na inningi ya saba mpigaji anakutana na kijana wa Double-A, ngazi moja chini ya Triple-A, ambaye jina lake halipo hata mgongoni. Anayepiga .400 (mara nne katika kila kumi) Machi anaweza kupiga .210 Mei.

Nimepanga viti. Kati ya 26, warushaji wasizidi 13, hiyo ni kanuni. Kwa hiyo 13 na 13. Warushaji watano wa kuanza wapo, sita wa akiba wapo, viti viwili wazi. Wapigaji kumi wamekaa, viti vitatu wazi, kimojawapo ni cha shotistopu wa kuanza, mlinzi wa kati ya beizi ya pili na ya tatu.

Wanaogombea vile vitatu ni wanne: Dalali, Swala, Seremala na Dogo.

Seremala ana miaka 25, anapiga kwa mkono wa kushoto, alipiga homurani 17, mipira ya kutoka nje ya uwanja, mwaka jana akiwa hajamaliza msimu juu. Ana opsheni moja.

Dogo ni shotistopu wa miaka 21, mtu wa Jamhuri ya Dominika, uwezo 70. Nilimsajili akiwa na miaka 16, mchezoni, na nimemfuatilia Bradenton, Greensboro, Altoona, Indianapolis, ngazi kwa ngazi, kama mtu anayefuatilia maendeleo ya mtoto wa dada yake. Yumo kwenye 40 tangu Novemba. Opsheni zote tatu anazo.

Wanaogombea viti viwili vya warushaji ni watatu: Babu, Rubani, na Fundi.

Fundi ndiye bora wa watatu. Nasema hivyo bila kusita. Ana opsheni mbili.

Nikizitazama hizi safu mbili naona kitu kibaya. Kwa karatasi, watakaoshuka ni Seremala na Fundi, na hao ndio wazuri. Wanashuka kwa sababu wanashushika. Dalali na Swala wanabaki kwa sababu nikiwagusa nawapoteza. Zamani nilidhani kambi ni mtihani, aliyefaulu anabaki. Sivyo. Aliye na ruhusa ya kushushwa ndiye anayeshushwa, na ukimpandisha daraja mtu inabidi kwanza uulize karatasi yake inasemaje kabla ya kuuliza mkono wake.

Pale Victory Field nimewaona wengi wa aina hiyo. Nilikuwa nawaza, huyu mbona anapiga hivi, anafanya nini hapa? Sasa najua. Alikuwa na opsheni.

Kikao cha 4. 9 hadi 17 Machi

Rubani anahitaji aya yake.

Nilimchukua Desemba kwenye rasimu ya Rule 5. Ni soko la wale ambao timu zao zimewaweka ligi ndogo miaka kadhaa bila kuwaandika kwenye kikosi cha 40. Unalipa dola 100,000, unamchukua, lakini kwa sharti: akae kwenye kikosi cha 26 msimu mzima. Ukishindwa, anapita weiva, na asipochukuliwa unamrudisha alikotoka kwa nusu bei, dola 50,000. Huwezi kumshusha kimyakimya. Ni kama kukaribisha mgeni ambaye hana kwenda.

Safu yake inasema hivi: ubora wa mrusho 65, mwendo wa mpira 45, udhibiti 35. Maana yake, mpira wa maili 99 usiojua unaenda wapi. Kambini amerusha inningi 9, straikauti 15 (wapigaji aliowatoa kwa mirusho tu), beizi za bure 11 (aliowapa wapigaji kwa kurusha ovyo). Juzi alijaza beizi zote tatu bila kupigwa mpira hata mmoja, kisha akawamaliza watatu waliofuata kwa straikauti. Nilicheka peke yangu jikoni.

Watu wa aina yangu tukichukua mtu Rule 5 tunaota Johan Santana. Desemba 1999 alitolewa Houston kwa njia hiyohiyo, akaishia Minnesota, wakakaa naye 2000 nzima wakila hasara: wastani wake wa alama za kufungwa ulikuwa 6.49. Lakini walivumilia. Akaja kuchukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, 2004 na tena 2006. Hata Roberto Clemente, ambaye Pittsburgh wamempa sanamu na daraja, walimtoa Dodgers kwa rasimu hii mwaka 1954. Ila kwa kila Santana kuna kundi la akina Rubani waliorudishwa kwao Aprili na hakuna aliyeandika habari zao.

Fundi kambini: inningi 10, straikauti 12, beizi za bure 2. Babu: inningi 8, amefungwa alama moja. Maili 87 sasa, inashuka.

Nimewapunguza waalikwa 12. Sina cha kusimulia juu yao, wamerudi kambi ya ligi ndogo, wengine ni watoto kabisa. Wamebaki 46.

Kikao cha 5. 18 hadi 22 Machi

Wiki ya mwisho ya kambi ni kama kufunguliwa robota la mitumba. Timu zote zina tatizo langu kwa wakati mmoja, kila mmoja ana mtu asiye na opsheni na asiye na kiti, basi weiva inafurika. Kila siku ya mchezo naingia ukurasa wa weiva kabla ya kwingine kokote. Vingi ni vitambaa vilivyochoka. Lakini nina ile nafasi moja ya Bomba kwenye 40.

Tarehe 20 nikamwona Mshale.

Mshale wangu mwenyewe. Waliomchukua mwaka jana wamemwachia, nadhani wamesajili warushaji wengi mno. Nimebofya kumwomba kabla hata sijamaliza kusoma safu yake. Kisha nikakaa kusubiri, na hapo ndipo nikakumbuka tulishinda mechi 84. Ukishinda 84 unasimama nyuma ya foleni. Timu zaidi ya nusu ya ligi zinaulizwa kabla yako.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, ujumbe: amechukuliwa. Na timu iliyoshinda mechi 63.

Nimeifunga laptopu, nikaosha vyombo.

Tarehe 22, Jumatano, nikaendelea, na inningi ya tatu mchezaji wangu wa uwanja wa kulia, mpigaji wangu namba tatu, akavuta msuli wa paja. Wiki tano. Hilo si jambo la kufurahia na sikufurahia, lakini mkono wangu ulikuwa umeshashika kalamu. Yeye anakwenda orodha ya majeruhi ya siku 10. Kiti kimoja cha wapigaji kimefunguka. Viti vinne, wagombea wanne. Dalali, Swala, Seremala, Dogo, wote wanakaa, hakuna anayekwenda weiva.

Wazee wa mchezo huu wana msemo kwamba usijiumize na hesabu ya kikosi Februari, majeruhi watakufanyia hesabu Machi. Nilikuwa siuamini.

Tatizo ni kwamba sasa sina kisingizio kuhusu Dogo.

Kikao cha 6. Bado 22 Machi

Sikusogeza siku hata moja leo. Nimekaa na suala moja tu.

Mwaka wa utumishi ligi kuu unahesabiwa kwa siku 172. Mchezaji akitimiza miaka sita anakuwa huru, anakwenda anakolipwa vizuri. Msimu wangu, 30 Machi hadi 1 Oktoba, una siku 186. Nikimpeleka Dogo Indianapolis siku 20 tu za mwanzo, nikasema anahitaji kunolewa mikono, anamaliza mwaka na siku 166. Sita zimepungua. Nampata mwaka mzima wa ziada, 2040, akiwa na miaka 27, kwa bei ya wiki tatu hivi za mwanzo.

Hii si mbinu ya mchezoni tu. Mwaka 2015 Cubs wa Chicago walimpeleka Kris Bryant ligi ndogo kambi ilipoisha, naye alikuwa amewapiga watu vibaya Machi ile, wakamwita 17 Aprili. Akamaliza na siku 171. Akawa mchezaji chipukizi bora wa mwaka huohuo. Akalalamika rasmi, kesi ikachukua miaka, na mwanzoni mwa 2020 akashindwa. Kanuni ni kanuni. Tangu mkataba wa 2022 kati ya ligi na wachezaji wameweka kidogo cha kuziba: chipukizi akishika nafasi ya kwanza au ya pili kwenye kura anapewa mwaka kamili. Paul Skenes alipata hivyo. Alianza 2024 hapa kwetu Indianapolis, akaitwa 11 Mei, akachukua tuzo, akahesabiwa mwaka mzima. Lakini huwezi kumwambia mtoto wa miaka 21 shinda tuzo kwanza ndipo tuhesabu siku zako.

Kwa hesabu za meneja mkuu, jibu ni rahisi. Pittsburgh haina fedha za Los Angeles. Mwaka mmoja wa mtu mwenye uwezo 70 ni mali. Misimu miwili iliyopita nimefanya hivi kwa wachezaji wawili na sikukosa usingizi.

Safari hii nimemsimulia mke wangu, sijui kwa nini. Nimemchorea kabisa kwenye daftari: 186, toa 20, 166. Akaiangalia ile karatasi muda.

"Hii si ndiyo ile ya siku tisini?"

Mwaka wangu wa pili hapa nilifanya kazi ghala moja kupitia wakala. Ukitimiza siku 90 unaajiriwa moja kwa moja, unapata bima. Siku ya 86 nikaambiwa kazi imepungua. Wiki iliyofuata rafiki yangu aliyebaki akanipigia: wameingiza watu wapya sita.

Sikumjibu. Nimekunywa chai, imeshapoa.

Kikao cha 7. 23 hadi 29 Machi

Dogo anabaki. Shotistopu, namba saba kwenye mpangilio wa wapigaji, kuanzia siku ya kwanza. Akiondoka baada ya 2039, aondoke.

Naweza kujitetea kimpira pia. Kambini amepiga mara 48, ana .354, lakini nimeshasema hizo siziangalii. Ninachoangalia ni ripoti ya skauti: jicho la kuchagua mipira limepanda kutoka 45 hadi 50, na mikono yake uwanja wa ndani ni 65. Dalali ni 55. Kwa kuzuia tu, Dogo anastahili. Dalali anakaa benchi, na kwa umri wake nadhani anaelewa.

Warushaji: viti viwili, watu watatu. Nilikuwa na mpango wa kumshusha Fundi, kwa sababu anashushika, na kubaki na Babu na Rubani. Nimeufuta. Ukiwa na abiria mmoja kwenye warushaji wa akiba unaweza kumficha, unamtumia mechi zilizokwisha kuamuliwa. Wawili huwezi; Juni wale wengine mikono itakuwa imekufa. Fundi anakaa.

Basi Babu au Rubani. Niwe mkweli, Babu ndiye angenisaidia zaidi Aprili. Rubani labda atanisaidia 2036, labda hatanisaidia kamwe. Nafasi kwenye 40 ipo, ile ya Bomba, ningeweza kumwandika Babu leo. Lakini nikimwacha Rubani aende weiva nina hakika atachukuliwa, maana maili 99 hakuna anayeipita barabarani bila kuiokota, na nimeshampoteza Mshale mara mbili. Moyo hautaki tena.

Tarehe 25, siku tano kabla, kama sheria ya nyumbani inavyosema, nimembofya Babu: aachiwe. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nimesoma lile dirisha lote, neno kwa neno, kisha nikabofya. Jina lake likatoka kwenye safu, safu zilizo chini yake zikapanda juu kidogo. Ndiyo hivyo tu, hakuna mlio wala nini.

Siku tatu baadaye kwenye ukurasa wa habari nikamwona: San Diego wamemsaini, ligi kuu. Nimefurahi kuliko ilivyo busara kwa mtu niliyemwachia.

Mengine ya haraka. Waalikwa watano waliobaki wameshuka, wawili kati yao Indianapolis. Wengine wa 40 wenye opsheni wametawanywa Indianapolis na Altoona. Mpangilio wa warushaji wa kuanza nimeupanga, namba mbili ni kijana ambaye mwaka jana alikuwa namba tano, tutaona. Nafasi ya 40 bado iko wazi na nitaiacha wazi Aprili yote. Robota la mitumba halijaisha.

Jioni ya 29 nimesoma kikosi kwa sauti, majina 26, kidole kwenye kioo. 13 na 13. Kikosi cha 40 kina 39. Wasio na opsheni walioshushwa: hakuna. Nimesoma mara ya pili.

Kikao cha 8. Alhamisi, 30 Machi 2034

Ufunguzi, ugenini Cincinnati. Nimechagua kuangalia mrusho kwa mrusho badala ya kuruka hadi matokeo.

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, alitokea hapahapa Indianapolis. Aliitwa 26 Aprili 2017, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira wa mrushaji Jon Lester akafika beizi. Nilikuwa na hiyo kichwani Dogo alipopanda inningi ya tatu.

Straikauti. Mirusho mitatu.

Inningi ya tano akapiga mpira hewani, ukadakwa. Ya saba, straikauti nyingine. Ya nane akadondosha mpira mwepesi wa chini, kosa, mkimbiaji akafika ya kwanza, na kwa kuwa tulikuwa nyuma kwa alama nne nikamwingiza Rubani. Beizi ya bure. Beizi ya bure. Kisha straikauti tatu mfululizo, mrusho wa mwisho maili 100.

Inningi ya tisa Dogo akapiga mpira wa chini kwa mrushaji, auti. Sifuri kwa nne. Tumefungwa 6 kwa 2.

Nimemwacha kwenye mpangilio wa kesho, namba saba palepale. Zamu yangu inaanza saa nne usiku na bado sijapiga pasi shati.